Majina 14 na Barua Moja: Kisa cha Mwanahistoria wa Zama za Kati Kisiwani Pemba

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya walimu wa historia na wanafunzi wa uzamili wanaojiandaa kwenda kusoma hati za kale majumbani kwa watu. Mhusika mkuu ameridhia kitumike. Jina lake, la chuo chake, la kijiji na la ukoo yameondolewa, na mambo madogo madogo ambayo yangeweza kumtambulisha mtu yamegeuzwa. Maeneo na watafiti wanaotajwa kwa majina ni wale wanaofahamika hadharani.

Usuli

Mwalimu, kama wote wanavyomwita, alizaliwa Pemba mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kabla ya skuli alipelekwa chuo cha Kurani kwa baba yake mdogo, akakhitimu akiwa bado mdogo, akaendelea na nahau (sarufi ya Kiarabu) kidogo na fikihi (sheria ya Kiislamu) kidogo. Wakati ule hakuna aliyeyahesabu hayo kuwa ni mtaji wa kazi. Baadaye ndiyo yaliyomtofautisha na wenzake wote darasani Dar es Salaam: yeye aliweza kulisoma jiwe la kaburi bila kumsubiri mfasiri.

Waliosoma naye historia waliiendea karne ya 19, na si ajabu. Ukienda Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani unaletewa majalada: barua za mabalozi, daftari za forodha, mambo ya watumwa, karafuu na masultani wa Kiomani. Mtu anakaa mezani, ananukuu, anapata tasnifu. Anayetaka kujua habari za visiwa hivi kabla ya Wareno hana meza ya namna hiyo. Ana kurasa chache za al-Masudi, msafiri na mwanahistoria wa Kiarabu aliyepita bahari hii mwanzoni mwa karne ya 10 na kuutaja mji wa Qanbalu, ambao watafiti wengi wanauweka Pemba, hasa Ras Mkumbuu. Ana mistari ya Yaqut, mwanajiografia wa karne ya 13, kuhusu kisiwa cha Tumbatu. Ana maandishi ya Kufi, khati ya kale ya Kiarabu, kwenye kibla cha msikiti wa Kizimkazi Dimbani, yenye tarehe ya Jumapili, mwezi wa Dhulqaada, mwaka 500 Hijria, yaani katikati ya mwaka 1107. Ana tarehe ya Kilwa, yaani kitabu cha historia ya masultani wake, ambayo kwa Kiarabu imetufikia kwa nakala iliyoandikwa hapa Unguja mwaka 1877. Kinachobaki kimo ardhini au kimo majumbani kwa watu.

Kilichomvuta yeye kilitoka ardhini. Mwaka 1984, akiwa kijana, ilichimbuliwa hazina ya sarafu Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya Wete: vipande zaidi ya 2,000, karibu vyote vya fedha na vidogo sana, pamoja na dinari chache za dhahabu. Nyingine zilikuwa na jina la Ali bin al-Hasan, mmoja wa masultani wa mwanzo wa Kilwa. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kwa miaka mingi, alikuwa amemweka mtawala huyo karibu na mwaka 1200. Lakini dinari zilizokutwa nazo Mtambwe zilikuwa za Kifatimi, dola iliyotawala Misri, za karne ya 11, na dinari ya Kifatimi imeandikwa mwaka wake. Ali bin al-Hasan akarudi nyuma zaidi ya miaka 100, na mpangilio mzima wa masultani wa mwanzo wa Kilwa ukabidi uangaliwe upya. Mwalimu alisema mara nyingi kwamba kilichomshangaza si dhahabu. Ni kwamba hoja iliyokuwa vitabuni kwa karibu miaka 20 iliangushwa na chungu ya fedha iliyofukiwa mwendo mfupi kutoka kwao.

Shahada ya uzamivu aliipata Uingereza katika miaka ya 1990. Hapo sina la kueleza zaidi ya kuwa alirudi na ujuzi wa khati za kale na wa karatasi, na kuwa alirudi kweli, jambo ambalo si wote walilifanya.

Yaliyotokea

Kaskazini mwa Pemba kuna ukoo unaojulikana kuwa na nasaba iliyoandikwa. Wazee wake husema babu yao wa kwanza alitoka Shirazi, mji wa Uajemi, na kushuka pwani ile mwaka wa 400 Hijria. Hati ilikuwa kwa bibi mmoja mjane, ndani ya kasha lililokaa chini ya samadari, imezongwa kitambaa cha marekani kilichogeuka rangi ya chai. Mwalimu alikwenda kwa kupitia kwa mamake mzazi, ambaye alikuwa na udugu wa mbali na bibi huyo. Mara ya kwanza hakuulizia hati. Mara ya pili bibi mwenyewe ndiye aliyeitaja.

Masharti yalikuwa wazi: isomwe palepale, isipigwe picha, isitoke nje ya mlango. Mwalimu alikubali yote, akakaa na daftari lake akinakili kwa mkono herufi kwa herufi, pamoja na makosa ya mwandishi na mahali wino ulipomwagika.

Kisha akaomba ruhusa ya kuinyanyua karatasi dirishani. Mwanga ulipopita, zikajitokeza hilali tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zikifuatana. Hiyo ni alama ya maji ya karatasi ya Kiitalia iliyouzwa kwa wingi katika nchi za Waislamu na kufika mpaka pwani yetu. Chini ya ukurasa wa mwisho palikuwa na tarehe ya mwandishi: Shaaban 1290, sawa na Septemba au Oktoba 1873. Karatasi na tarehe vilikubaliana.

Alimwambia bibi hapo hapo. Mazungumzo yale aliyaandika daftarini usiku uleule, na nayanukuu kwa ruhusa yake:

"Bi Mkubwa, karatasi hii imetengenezwa Italia, na imeandikwa zama za Seyyid Barghash. Si ya zamani sana."

"Mwanangu, karatasi ndiyo iliyonunuliwa. Maneno hayakununuliwa."

Jibu hilo lina elimu ndani yake. Nakala ya mwaka 1873 inaweza kubeba maneno ya karne nyingi nyuma. Tarehe ya Kilwa yenyewe ilitungwa mwanzoni mwa karne ya 16, nasi tunaisoma kwa mkono wa mtu wa 1877. Kwa hiyo Mwalimu hakuishia kwenye karatasi. Alihesabu majina. Kutoka kwa babu wa kwanza mpaka kwa mwandishi yalikuwa 14. Ukikipa kila kizazi miaka 25, unapata 350. Ukikipa 30, unapata 420. Ukirudi nyuma kutoka 1873 unaangukia kati ya katikati ya karne ya 15 na mwanzoni mwa karne ya 16. Mwaka 400 Hijria ni sawa na 1009 au 1010. Pengo ni la zaidi ya miaka 400. Ama majina mengi yamedondoka njiani, jambo la kawaida katika nasaba za kila mahali, ama babu wa kwanza aliyetajwa si wa zama anazowekwa. Na katika hati yenyewe mwaka 400 haumo kabisa. Ulikuwa midomoni mwa wazee tu. Hili pia alimwambia bibi, naye akanyamaza kidogo, kisha akamkaribisha chakula.

Miaka kadhaa baadaye pakazuka mzozo. Karibu na makaburi ya wazee wa ukoo ule kuna pwani nzuri, na mwekezaji alikuwa ameanza kuulizia. Ardhi ya Zanzibar tangu Mapinduzi ya 1964 ni mali ya Serikali, lakini miti ina wenyewe, fidia ya mikarafuu na minazi ina wenyewe, na makaburi yana watu wanaoitwa kuyasemea. Tawi la ukoo lililohamia mjini na tawi lililobaki kijijini kila moja likadai kuwa ndilo mrithi wa babu wa kwanza. Bwana mmoja wa tawi la mjini akamfuata Mwalimu ofisini.

"Mwalimu, weye ni mtoto wa hapa hapa. Tuandikie tu barua ya chuo kwamba wazee wetu walifika mwaka wa 400. Hati umeiona kwa macho yako."

Maamuzi na sababu zake

Wakuu wake kazini walimshauri asiandike chochote. Alikataa ushauri huo. Sababu yake ni kwamba akikaa kimya, jina lake lingetajwa vilevile kwenye kikao, na kila mtu angemtia mdomoni analolitaka yeye. Aliandika barua fupi, kwa Kiswahili, akatoa nakala kwa matawi yote mawili siku moja. Ilikuwa na mambo matatu. Kwanza, hati imeandikwa kwa karatasi ya Kiitalia na ina tarehe ya 1290 Hijria. Pili, inataja majina 14, na matawi yote mawili yanaungana katika jina la 11. Tatu, haitaji mwaka wa kufika kwa babu wa kwanza, kwa hiyo yeye hawezi kuuthibitisha mwaka wa 400 wala kuukanusha.

Kulikuwa na jambo la nne, na hilo hakuliandika. Aprili 1872 kimbunga kiliivamia Unguja na kuing'oa mikarafuu yake mingi, huku Pemba ikisalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu, na ardhi yake ikaanza kutafutwa na watu ambao hapo mwanzo hawakuijali. Nasaba ile iliandikwa mwaka mmoja na miezi baada ya kimbunga. Mwalimu aliona uwezekano mkubwa kwamba ukoo uliinunua ile karatasi na kumwita mwandishi kwa sababu ileile iliyomleta yule bwana ofisini kwake: kulikuwa na mgeni anaiulizia ardhi.

Kwa nini hakuliandika? Alinieleza kwamba mambo matatu ya mwanzo yanaonekana kwa macho na mtu yeyote anaweza kwenda kuyahakiki kwenye hati, lakini la nne ni dhana yake, ingawa ina nguvu. Tena barua ile ilikuwa inakwenda kwenye mzozo. Neno "karafuu" lingegeuzwa silaha kabla jua halijatua.

Uamuzi wa mwisho ulihusu makala yake. Aliiweka kando mpaka mzozo umalizike. Ulipomalizika, aliichapisha kwa Kiingereza katika jarida la nje, kwa kuwa huko ndiko alama za kupandishwa daraja zinakotoka.

Matokeo

Matawi yote mawili yaliitumia barua. La mjini lilisoma kwa sauti maneno "wala kuukanusha", la kijijini likasoma "hawezi kuuthibitisha". Aliyekuwapo kwenye kikao ananiambia sheha, kiongozi wa shehia, alicheka. Ila lile jina la 11 ndilo lililosaidia: wazee walipoona kuwa baba yao ni mmoja mpaka hapo, wakakubaliana kuyasemea makaburi kwa pamoja. Mwekezaji alikwenda kutafuta pwani nyingine kwa sababu zake mwenyewe.

Makala ilipotoka, bibi alikuwa ameshafariki. Mjukuu wake, anayesoma nje, aliikuta kwenye intaneti, akaipitia haraka haraka na kupiga simu nyumbani. Habari iliyofika kijijini ni kwamba Mwalimu ameandika kuwa nasaba ilitungwa kwa ajili ya karafuu. Makala haikusema hivyo. Ilisema iliandikwa wakati ardhi ilipopanda thamani, na kwamba maneno yake yanaweza kuwa ya zamani zaidi. Lakini nani kijijini angeisoma? Kasha likafungwa. Mpaka leo hakuna mtafiti aliyeonyeshwa tena hati ile, na nakala pekee iliyopo nje ya nyumba ile ni ile ya penseli katika daftari la Mwalimu.

Kazini, kuchelewa kwa makala kulimgharimu. Waliokuwa wakichapisha habari za karne ya 19 walimpita, naye akastaafu bila uprofesa. Wanafunzi aliowafikisha mwisho katika zama za kati ni wachache, kwani wengi walikwama kwenye Kiarabu. Mwaka 2023, ulipotoka utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya pwani na bara yake, simu yake haikutulia. Utafiti ulionyesha mchanganyiko ulioanza karibu na mwaka 1000, upande wa akina mama ukiwa zaidi Afrika na upande wa akina baba ukiwa na sehemu kubwa ya Uajemi. Yule bwana wa tawi la mjini alikuwa miongoni mwa waliopiga, akitaka sasa akubali kuwa mwaka wa 400 umethibitika. Mwalimu alimjibu kwamba mifupa ile ilitoka Kenya na Tanzania Bara, hakuna hata mmoja wa Pemba, na kwamba mfupa hausemi jina la ukoo.

Uchambuzi

Lililofanikiwa zaidi ni utaratibu wa kuvitenga vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya: karatasi, nakala na maneno. Kila kimoja kina umri wake. Kizimkazi ni mfano mzuri wa kufundishia hili, maana jiwe lina tarehe ya 1107 huku sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo ikiwa ya karne ya 18, na waongozaji wa watalii huwaambia wageni kuwa wamesimama ndani ya msikiti wa miaka 900. Mwalimu asingeupata ushahidi wa jina la 11 wala ule wa hilali tatu kama angekwenda moja kwa moja kwenye swali la asili ya Kishirazi, ambalo katika siasa zetu za kabla ya Mapinduzi lilishatosha kugawa watu na bado lina moto chini ya majivu.

Kunakili kwa mkono, pamoja na makosa, kuligeuka kuwa uokozi. Wanafunzi wa leo hukasirika wakikatazwa picha, wakaondoka. Yeye alikaa.

Kuhusu kuwaambia wenye hati kabla ya kuwaambia wasomi, alilitekeleza nusu. Habari ya karatasi na ya majina 14 aliitoa uso kwa uso, kwa lugha yao, na hakuna aliyemkasirikia, ingawa zilikuwa habari nzito kwa bibi yule. Habari ya karafuu aliipeleka kwenye jarida la nje kwanza. Nadhani hapa ndipo kasha lilipofungwa, wala si kwenye maudhui ya makala. Bibi aliyejibu kuwa maneno hayakununuliwa angekuwa na la kusema kuhusu kimbunga pia; huenda hata alisikia kwa bibi yake kwa nini mwandishi aliitwa. Swali hilo halikuulizwa alipokuwa hai, na ndiyo hasara kubwa kuliko zote katika kisa hiki, kwa sababu hapo tunapoteza ushahidi, si uhusiano mwema tu. Muhtasari wa kurasa mbili wa Kiswahili, usomwe barazani kabla ya makala kwenda kwa mhariri, ungegharimu nauli ya boti na siku moja.

Kosa la daftari ni la aina nyingine. Aliandika kwa vifupisho vyake mwenyewe, mchanganyiko wa Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza, na hakumfundisha mtu kuvisoma mpaka alipokaribia kustaafu. Sasa anakaa na wanafunzi wawili kila Jumamosi wakivifungua. Kazi inakwenda polepole. Kila chuo chenye mtafiti wa namna hii kimtake aache ufunguo wa vifupisho vyake mapema, kama kinavyomtaka atoe ripoti ya fedha.

Mfumo wa kupanda daraja nao una sehemu yake. Unahesabu makala bila kuuliza kazi ya kuipata hati ilichukua nini. Anayetumia majalada ya Kilimani na anayengoja kualikwa mara ya pili kwenye nyumba ya mjane wanapimwa kwa kipimo kimoja. Matokeo yake ni kwamba vijana hodari wanakwepa zama za kati, na sitawalaumu.

Limebaki suala la jambo la nne ambalo halikuwamo kwenye barua, na hapa wenzangu hawakubaliani nami. Wanasema mtaalamu anayejua kitu kinachogusa mzozo na akakinyamazia ameegemea upande mmoja, hata kama hakukusudia, kwa sababu dhana ya karafuu ingelidhoofisha dai la tawi la mjini. Mimi naona alifanya sawa. Barua ya chuo ikifika kwenye kikao cha wazee husomwa kama hukumu, na hakuna pale wa kuhoji dhana ya mtafiti au kuuliza imesimama juu ya nini. Kwenye makala, msomaji mwenye ujuzi anaweza kuipinga. Tayari mmoja ameipinga, akionyesha kuwa nasaba nyingine za Pemba ziliandikwa kabla ya kimbunga. Ila kunyamaza kwenye barua kulimwekea deni kwa bibi, alilipe kwa mazungumzo ya faragha. Deni hilo hakulilipa, naye mwenyewe analisema bila kuzungusha.